Mkono Wako Ndio Njia ya Uhai
Hotuba ya muuguzi kwa wagonjwa wa figo na familia zao



Anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji njia ya kuitoa na kuirudisha mwilini. Iliyo bora kwa wengi ni fistula: daktari wa upasuaji huunganisha ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, unaoirudisha, ili vena ipanuke na kustahimili sindano. Msiichanganye na fistula ya uzazi. Jina ni moja, mambo ni mawili.

Mishipa inayofaa kazi hii si mingi, na uliopotea haurudi kwa urahisi. Kwa hivyo kuna nyakati tatu ambapo ultrasaundi husaidia.

Kwanza, kabla ya upasuaji. Picha huonyesha upana wa mishipa na kama kuna iliyoziba. Aliyewahi kuwekewa mpira shingoni aseme mapema, kwani mpira huo unaweza kusababisha mshipa mkubwa wa kifuani kubana.

Pili, yapata wiki 6 baadaye. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni rahisi kukumbuka: mshipa uwe na upana wa milimita 6, usizame chini ya ngozi zaidi ya milimita 6, na upitishe mililita 600 za damu kwa dakika. Kudunga mshipa ambao haujakomaa kunaweza kuuharibu.

Tatu, dalili zikitokea: mkono kuvimba, damu kukawia kukoma baada ya sindano kutolewa, au mashine kupiga kengele mara kwa mara. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina miale. Ikionyesha mahali palipobana, daktari anaweza kupiga eksirei kwa kutumia dawa maalum, kisha akaupanua mshipa kwa puto dogo.

Hata hivyo, kipimo cha kila siku mnacho nyumbani. Weka vidole juu ya fistula asubuhi na jioni. Ukihisi mtetemo, damu inapita. Ukiukosa Ijumaa usiku, usingoje zamu yako ya Jumatatu. Njoo hospitali mara moja, kabla damu iliyoganda haijaharibu mshipa.

Mkono huo usipimwe presha wala kutolewa damu ya maabara. Ukiombwa, sema kwa heshima: "Huu ni mkono wangu wa mashine, tafadhali tumia ule mwingine."