Noeli Moja ya Pugu

Hotuba kwa Wakristu na walimu wa parokia za Temeke na Kinondoni



Tumeombwa katika Yubilei hii tuseme maneno machache juu ya wamisionari vijana, na namna wanavyoipitisha sikukuu ya Noeli mbali na kwao. Sisi si wataalamu wa historia. Tu walimu wa dini na wazee wa parokia tu. Lakini jambo hili sehemu yake moja tumeisikia tangu utoto wetu, kila tulipokwenda kuhiji Pugu, na sehemu ya pili tumeiona kwa macho yetu wenyewe. Basi tuanze na Pugu.

Mwaka 1884 Padre Andreas Amrhein alianzisha huko Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi, shirika la Kibenedikto la kupeleka Injili katika nchi za mbali. Tarehe 16 Novemba 1887 Roma ikawawekea Wabenedikto hao eneo lao la utume upande wa kusini wa nchi yetu, na mwezi ule ule kundi la kwanza likashika safari: padre mmoja, jina lake Bonifaz Fleschutz, na mabruda tisa, na masista wanne. Mwanzoni mwa mwaka 1888 wakafika Dar es Salaam, wakachagua kukaa Pugu, penye vilima na hewa njema. Hapo wakaanza kukata miti, kujenga na kulima. Shirika lenyewe lilikuwa bado changa, halijatimiza hata miaka mitano. Walikuwa wageni wa nchi, wageni wa lugha, na wageni wa kazi.

Hata ikawadia Noeli ya mwaka 1888, nayo iliangukia siku ya Jumanne. Fikirini, ndugu zetu. Mtu aliyezaliwa Ujerumani ameizoea Noeli ya usiku mrefu, theluji juu ya mapaa, watu wakijikusanya karibu na moto. Pugu mwezi wa Desemba jua li utosini, maembe yameiva, na jasho lamtoka mtu hata akiwa ameketi kivulini. Tena mwaka ule haukuwa mwaka wa amani. Tangu tarehe 2 Desemba manowari za Wadachi na Waingereza zilikuwa zimeuzingira mwambao wote, na nchi ilikuwa imekwisha chafuka.

Yafaa tuseme kwa nini ilichafuka, maana mtu akisimulia habari ya damu pasipo sababu yake, amesimulia nusu tu. Mwezi wa Aprili 1888 Sayyid Khalifa wa Unguja aliipa Kampuni ya Wadachi utawala wa mwambao kwa mkataba, na wenyeji hawakuulizwa neno. Mwezi wa Agosti Kampuni ikapandisha bendera yake katika miji ya pwani, ikataka kushika forodha. Watu wakakataa. Huko Pangani ndiko moto ulikoanza, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wao mkubwa. Wale mabruda na masista wa Pugu hawakuwa wafanyaji wa Kampuni. Lakini walitoka nchi moja nayo, wakasema lugha moja nayo, wakaja karibu mwaka mmoja nayo. Mgeni akija nyuma ya bendera, wenyeji huiona bendera kwanza, na uso wake baadaye.

Siku ya Jumapili, tarehe 13 Januari 1889, kituo cha Pugu kilishambuliwa. Wakauawa Bruda Petrus Michl, na Bruda Benedikt Kantwerk, na Sista Martha Wansing. Wenzao wanne wakachukuliwa mateka, nao wakaachiliwa baadaye mwaka ule ule kwa kutolewa fidia. Hesabuni wenyewe: kutoka Noeli hata Jumapili ile ni siku kumi na tisa tu. Kituo kile cha kwanza kilipata Noeli moja, na ile ya kwanza ndiyo ikawa ya mwisho.

Hatuyasemi haya ili tuwachukie wazee waliopigana. Nao walikuwa wakiitetea nchi yao, na Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka ule ule. Wala hatuyasemi ili tujivunie vifo. Twayasema kwa kuwa mbegu ile haikupotea. Wabenedikto walirudi, wakajenga mjini kanisa la Mtakatifu Yosefu. Baada yao wakaja Wakapuchini wa Uswisi. Na pale pale Pugu pakawa na shule ya Mtakatifu Fransisko, ambayo Mwalimu Julius Nyerere alifundisha, hata alipoiacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Nanyi walimu, mkiambiwa kwamba matunda ya kazi hayaonwi na aliyepanda, tazameni kilima kile.

Sasa tuje kwetu. Katika mwaka mmoja wa miaka ya 1990, kabla ya simu za mkononi kuenea, tulipokea huku Temeke bruda kijana kutoka Ulaya. Alifika mwezi wa Novemba. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, naye alikuwa mpole, tena mwenye haya. Tulimpenda sana, na kwa kumpenda tukamkosea. Kila alipoinuka kushika ufagio, tulimnyang'anya: “La, Bruda, wewe mgeni wetu, keti.” Kila alipokwenda mahali wanaume wanapofunga makuti na matawi ya pango la Noeli, walimletea kiti. Kiti kizuri, chenye foronya. Akaketi. Watu wakapita mbele yake wakimwamkia, kisha wakaenda zao kwenye kazi na maongezi yao. Nasi tukasemezana kwamba kijana huyu anajitenga, labda ana kiburi.

Mkesha wa Noeli akina mama wa jumuiya walikuwa uani wakichambua mchele na kumenya vitunguu. Bruda alikuwa kitini pake. Palikuwa na bibi mmoja mzee sana, Mzaramo, aliyekuwa amemtazama kwa muda mrefu. Akamwita, akasema, “Mjukuu wangu, hukusikia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Wewe una mwezi mzima. Jembe sina, chukua mbuzi ufanye kazi.” Kijana akainuka kwa furaha, akatoka nje, akazunguka nyumba nzima. Aliporudi alisema kwa adabu, “Samahani, Bibi, mbuzi amekimbia.” Akina mama wakacheka hata wengine wakaweka visu chini. Bibi akamvutia ile mbuzi ya kukunia nazi, akamketisha juu yake, akamshika mikono miwili akamwonyesha. Naye alipofahamu, akacheka kuliko wote.

Alikuna nazi mbili vibaya, na ya tatu vizuri. Na mikono ilipopata kazi, ulimi nao ukafunguka. Akawasimulia habari za mama yake, na theluji, na taa wanazobeba watu wa kijiji chao wakienda Misa ya usiku. Kisha akanyamaza, machozi yakamtoka. Hakuna aliyemwambia asilie. Bibi alimsogezea nazi nyingine.

Miaka miwili baadaye, tulipokuwa tukimuaga, kijana huyu alitwambia jambo ambalo hatukulijua. Asubuhi ya mkesha ule alikuwa amekwisha andika barua kwa mkubwa wake kuomba arudishwe kwao, kwa sababu aliona hana faida kwa mtu ye yote hapa. Barua ilikuwa mfukoni mwake alipokuwa anakuna nazi. Hakuipeleka.

Ndugu wapendwa, tuliposikia hayo tuliona haya. Kumbe kiti kile cha heshima kilikuwa ukuta. Tulidhani twamtukuza, kumbe twamweka mlangoni. Wale wa Pugu walitengwa na watu kwa bendera na vita. Huyu wetu hakuwa na vita wala bendera, tulimtenga sisi kwa adabu zetu.

Basi twawaomba neno hili moja, na hasa ninyi walimu. Msidhani twasema habari za Wazungu peke yao. Mwalimu kijana aliyetoka Bukoba au Songea akapangiwa shule ya Mbagala au Tandale, naye ana Noeli yake ya upweke. Hali kadhalika watoto wetu, mapadre na masista wa Tanzania, ambao leo wafanya kazi Ujerumani, katika nchi ile ile iliyotuletea wale wa Pugu. Wao huiadhimisha Noeli katika baridi na giza la saa kumi alasiri. Je, twapenda wapewe kiti tu? Twapenda mtu awaite jikoni.

Kwa hiyo, Noeli hii ijapo, mtazameni aliyeketi peke yake kwa heshima. Mpeni kazi mikononi mwake, na nafasi kati yenu, na jina la ukoo. Nanyi mkienda Pugu, watajeni kwa majina Petrus, Benedikt na Martha, mkawaombee. Na waliowaua muwaombee pia, maana hao ni babu zetu.

Mungu awabariki. Amina.