Kwa Nini Mtu Huiacha Dini Yake: Jamaa, Haki na Shaka katika Mageuzi ya Imani ya Afrika Mashariki



Mada niliyotakiwa kuiwasilisha mbele ya hadhara hii ni katika mambo ambayo watu wetu, wa pwani na wa bara, huyazungumza kwa sauti ya chini, ndani ya nyumba, baada ya wageni kuondoka. Kwa maana habari ya mtu kuiacha dini ya wazazi wake hupokewa kwa jamaa zake kwa kilio, na kwa wale anaowaendea hupokewa kwa vigelegele, na baina ya kilio na vigelegele yule mtu mwenyewe aghalabu husahauliwa, asiulizwe ni jambo gani hasa lililomfika. Wanaolia husema amerubuniwa kwa mali au kwa mapenzi, na wanaoshangilia husema ameiona kweli. Na kila upande, ukiisha kutoa hukumu yake, hauoni haja ya kuchunguza zaidi.

Rai nitakayoitetea ni kwamba, katika tarikh ya nchi zetu, mtu hubadili kwanza watu anaoishi nao na kuwategemea, kisha ndipo hubadili itikadi. Na hoja za vitabu, ambazo sisi tuliosoma tunazipa daraja ya kwanza, mara nyingi huja nyuma kuhalalisha safari iliyokwisha kuanza. Nitaipima rai hiyo kwa mambo matatu, yaani jamaa, haki na shaka, na hilo la tatu, hadhirina wataona, ndilo linaloipinga kwa nguvu zaidi.

1. Jamaa

Nianze na kisa kinachojulikana sana Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, akalelewa katika Uislamu wa nyumba ya kifalme. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, alitoroshwa kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko, tarehe 30 Mei 1867, akabatizwa kwa jina la Emily na kufungishwa ndoa siku hiyo hiyo, kisha akasafiri na mumewe kwenda Hamburg. Mume alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane na watoto wadogo katika nchi ya baridi na lugha ngeni. Na alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, hakuficha kwamba alijiona hakukamilika upande wowote, si kule alikotoka wala kule alikoingia. Alirudi Unguja mwaka 1885, na tena mwaka 1888, akidai mirathi yake, asifaulu. Na mwaka 1924 akafia Jena, Ujerumani.

Katika kisa hiki chote, atakayetafuta mahali ambapo hoja ya dini moja iliishinda hoja ya dini nyingine atatafuta bure. Tunaona mwanamke ambaye jamaa zake wasingeweza kumstahimili tena, na kundi dogo la wageni lililokuwa tayari kumpokea kwa sharti lake. Ubatizo ulikuwa kizingiti cha nyumba pekee iliyobaki wazi. Wala si insafu kusema kwamba alifanya unafiki, kwa sababu mtu aliyefungiwa mlango mmoja na kufunguliwa mwingine hana wasaa wa kukaa barazani kulinganisha misahafu.

Na yaliyompata binti wa Sultani yaliwapata, kwa njia ya uchungu zaidi, watumwa walioachwa huru. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na chama cha wamisionari cha CMS kilipoanzisha makazi ya Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875, waliowapokea hapo wengi walikuwa watu walionyang'anywa baba, mama, ukoo na hata lugha ya nyumbani. Misheni iliwapa jina, kiwanja, mke au mume, na shule, na imani ikaja pamoja na hayo yote katika fungu moja. Lakini ni wajibu wetu kukumbuka kuwa jambo hilo hilo lilikuwa likitendeka katika majumba na mashamba ya Unguja, Pemba na pwani nzima, ambako mtumwa kutoka bara aliingia katika Uislamu kwa kuingia katika nyumba: akapewa jina, akatahiriwa, akajifunza adabu na sala, na watoto wake wakakua hawajui dini nyingine. Wanaozisifu dini zetu kwa wingi wa waliosilimu au waliobatizwa katika zama zile wanapaswa kwanza kuyazingatia maisha ya waliohesabiwa.

Kule Buganda tunaliona jambo hili kwa sura nyingine. Kabaka Mutesa, tangu mwaka 1867, alifunga Ramadhani na kuamuru watu wake wafunge. Lakini vijana wa jumba lake walipoishika dini kwa yakini kuliko yeye, wakakataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, na wakaona si halali kusali nyuma ya mfalme ambaye mwenyewe hakutahiriwa, aliwaua wengi wao mwaka 1876. Wamisionari wa Kiingereza walifika mwaka 1877, na mapadri wa Kifaransa mwaka 1879. Mutesa akawasikiliza wote, na akafa mwaka 1884 hajabatizwa wala hajatahiriwa. Mwanawe Mwanga aliwachoma moto vijana Wakristo huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Naye mwenyewe, akiwa mfungwa wa Waingereza huko Seychelles, akabatizwa kwa jina la Daniel kabla ya kufa mwaka 1903. Waislamu wa mwaka 1876 na Wakristo wa mwaka 1886 walikuwa vijana wa namna moja: waliotolewa kwa wazazi wao, wakalala pamoja, wakasoma pamoja, wakawa ndugu wao kwa wao kabla hawajawa mashahidi. Amri ya mfalme iliweza kuianzisha imani, wala haikuweza kuizuia ilipokwisha kuwa udugu.

2. Haki

Jambo la pili ni haki, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu viongozi wetu wa dini hulipita haraka.

Mwaka 1929, katika nchi ya Wakikuyu, misheni kadhaa za Kiprotestanti, na hasa ile ya Kanisa la Scotland, ziliwataka waumini na walimu wao watie sahihi au alama ya kidole kwamba wanaikataa tohara ya wasichana. Sisemi kuwa mila ile ilikuwa njema, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeipiga marufuku. Ninalolitazama ni yale waliyoyatenda waliokataa kutia sahihi. Waliondoka makanisani kwa makundi makubwa, wakawatoa watoto wao katika shule za misheni. Na kama kuondoka kwao kungalikuwa kuiacha imani, wangalirudi katika matambiko ya wazee wao, na jambo lingalikwisha hapo. Kumbe walijenga shule zao wenyewe, wakaunda makanisa yao wenyewe, na kwa kuwa hawakuwa na makasisi, wakamwita kutoka Afrika Kusini Askofu Mkuu Daniel William Alexander, aliyefika mwaka 1935 kuwafunza na kuwawekea mikono watumishi wao. Watu hawa walikuwa wakiusaka ubatizo kwa juhudi na kwa gharama. Kitu walichokikimbia ni kuamuliwa mambo ya nyumba zao na mgeni ambaye hakuwauliza, katika nchi ambayo ardhi yao ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Ukoloni, ulipoitangaza hali ya hatari mwaka 1952, ulizifunga shule zile, kwa sababu ulitambua kuwa haki na imani zilikuwa zimekaa dawati moja.

Kinyume cha kisa hicho kinatufundisha zaidi. Katika miji ya pwani ya Tanganyika, mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwako watu wa asili ya utumwa waliosali katika misikiti ya mabwana wao wa zamani, wakidharauliwa kwa nasaba zao, na ilhali kanisa liko jirani na lina shule. Walikuwa na kila sababu ya kuhama. Wengi hawakuhama, na moja ya sababu ni tarika ya Kisufi ya Qadiriyya, ambayo iliwafungulia halka ya zikri, na kuwapa vyeo kwa elimu na ucha Mungu pasipo kuwauliza babu zao. Bagamoyo ndiko alikokuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa, akasoma, akapewa ijaza, akawa khalifa wa Qadiriyya ambaye hata wajukuu wa waungwana walimbusu mkono, hadi alipofariki mwaka 1931. Dini iliyompa daraja mtoto wa namna hiyo iliwabakisha wengi wa mfano wake. Na kama ingemnyima, ndipo tungaliwaona wakitoka, na sisi tungalisema wamenunuliwa kwa mchele.

3. Shaka

Nimesema kwamba jambo la tatu linaipinga rai yangu. Wako watu ambao hawakufukuzwa na jamaa, wala hawakudhulumiwa, wala hawakupenda mtu wa dini nyingine. Walikaa peke yao, wakafikiri, na yakini ikawatoka. Kuwakana hao ni kuukana ushahidi wa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Kiislamu, Imam Abu Hamid al-Ghazali, ambaye katika kitabu chake cha al-Munqidh anaeleza kuwa tangu ujanani aliona watoto wa Wakristo wakikua Wakristo, wa Mayahudi wakikua Mayahudi, na wa Waislamu wakikua Waislamu, akajiuliza ni ipi basi yakini isiyotokana na kurithi. Na swali hilo likamfikisha katika shaka iliyomkamata takriban miezi miwili. Anashuhudia pia kwamba hakuponywa na mpangilio wa dalili, bali na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, ulimi wake ulikataa kusomesha, akaacha cheo na mali, akaenda Sham na Bait al-Maqdis, akaishi miaka mingi katika khalwa. Na hatimaye akarudi kufundisha Nishapur mwaka 1106.

Al-Ghazali aliacha kazi, hakuiacha dini. Na ukiuliza nini kilichomwezesha kubaki, utaona kuwa alikuwa na wasaa wa kuondoka pasipo kupigwa, na Masufi waliompokea pasipo kumkaripia. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, shaka inaporudi katika rai ya mwanzo. Shaka huweza kukaa na muumini umri wake wote, akasali nayo na kufunga nayo, maadamu anapata pa kuisema. Humtoa pale kijana anapomwuliza mwalimu swali kwa nia safi, akajibiwa kwa bakora au kwa kuitwa kafiri mbele ya wenzake. Siku hiyo swali lake, ambalo lilikuwa la kielimu, huwa la kijamaa, na kijana hufahamu kwamba amekwisha kutengwa hata kabla hajatoka.

Na wanaotoka moja kwa moja, wasiingie popote, wapo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019, katika watu zaidi ya milioni 47, iliwaandika watu zaidi ya laki saba na nusu waliojitaja kuwa hawana dini. Hao ni waliothubutu kumwambia karani. Walio kimya hatuwezi kuwahesabu, ila kila mmoja wetu anajua kwa nini wapo kimya: mirathi katika sharia haivuki mpaka wa dini, ndoa huweza kuvunjika, na mtu anapokufa jamaa hugombana ni nani atakayemwosha na ni makaburi gani yatakayompokea.

4. Hitimisho

Kwa upande wa kanuni, jambo hili limekwisha kuamuliwa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania na ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya zinaulinda uhuru wa dhamiri na imani, na ile ya Tanzania inautaja waziwazi uhuru wa mtu kubadili dini. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilitangulia kusema hivyo katika ibara ya 18. Na wakati Saudi Arabia ilipojizuia kupiga kura, Zafrulla Khan wa Pakistan aliitetea ibara hiyo kwa kuitegemea Kurani yenyewe. Basi yaliyobaki ni ya kwetu majumbani, misikitini na makanisani, na kwa hayo natoa mapendekezo matatu.

La kwanza, viongozi wa dini wanaotumia fedha na nguvu katika mihadhara ya kushindana kwa vitabu hadharani wazitumie kwanza kuchunguza ni nani katika jamaa yao anayedharauliwa kwa nasaba, kwa umaskini au kwa ujane, kwa sababu huyo ndiye aliye karibu na mlango. La pili, madrasa na mafundisho ya kipaimara yaweke saa ya maswali, na mwalimu asiyejua jawabu aseme hajui. La tatu, mtu akiisha kuondoka, wazazi wasimfungie nyumba, wala waliompokea wasimtembeze majukwaani kama nyara. Aachwe amzike mama yake na wenziwe, na aachwe arudi akitaka, pasipo kuulizwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanaoamini kwamba dini yao ni ya haki hawana sababu ya kumwogopa anayetoka, bali wanayo sababu ya kumwuliza, kwa upole na faraghani, ni nini walichomtendea. Na ninaiomba hadhara hii ianze kuuliza hivyo kabla ya kuhukumu.