Mipira Miwili ya Injini



Katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London imehifadhiwa injini ya mvuke iliyojengwa mwaka 1788 na kampuni ya Boulton na Watt. Injini hiyo ilifanya kazi katika karakana ya Soho, huko Birmingham, Uingereza, ikaendesha mashine 43 za kung'arishia vyuma kwa muda wa miaka 70.

Kazi hiyo ilidai mwendo wa sawasawa. Mafundi walipoondoa vyuma vyao mashineni, mzigo ulipungua, na injini ingeweza kukimbia kupita kiasi. Kwa hiyo James Watt aliifungia chombo ambacho mfano wake ulikwisha kutumika katika vinu vya kusagia nafaka: mipira miwili mizito, iliyozungushwa na injini yenyewe. Mwendo ulipozidi, mipira ilitanuka na kupanda, ikavuta wenzo uliobana njia ya mvuke. Mwendo ulipopungua, mipira ilishuka, njia ikafunguka tena. Moto haukuzimwa, wala kazi haikusimama.

Ndugu zetu, sisi wanadamu mara nyingi hutenda kinyume cha injini hiyo. Kadiri hasira inavyopanda, ndivyo tunavyozidi kuufungulia mvuke.

Sisi wenyewe tunaozungumza nanyi tuna deni katika jambo hili. Siku moja tulimkemea kijana mmoja mbele ya wageni, kwa ajili ya fedha tulizodhani amezichukua. Jioni tulizikuta katika mfuko wa koti letu. Tulikwenda kwao kumwomba radhi, tukaambiwa ameondoka kwa basi la alasiri. Hatujamwona tena hata leo. Wahenga walisema hasira hasara. Nasi hasara yetu tunaijua kwa jina lake.

Nguvu si dhambi. Injini isiyo na mvuke haing'arishi hata kifungo kimoja. Lakini nguvu isiyojizuia huharibu kile ilichowekwa ikitengeneze.

Basi juma hili, sauti zetu zitakapoanza kupanda, nyumbani au kazini, kule kupanda kwenyewe kuwe ishara ya kubana mvuke. Tuulize kwanza, ndipo tuhukumu. Na aliye na mtu wa kumwomba radhi, asingoje jioni.

Mwenyezi Mungu atujalie kiasi. Tunawatakia Jumapili njema.