Jalada Linaporudi kwa Ofisa wa Kodi

Kampuni ya Bhopal Sugar Industries, nchini India, ilitengeneza sukari kwa miwa ya kununua na miwa ya mashamba yake yenyewe. Ugomvi na ofisa wa kodi ukazuka hapo: muwa wa shamba la kampuni uhesabiwe kwa bei gani?

Kampuni ikakata rufaa. Baraza la rufaa za kodi likaagiza itafutwe wastani wa gharama za kusafirisha miwa hadi kiwandani, uongezwe kwenye bei, kisha likamrudishia ofisa kazi hiyo. Ofisa hakuitekeleza. Aliona baraza limekosea, akashikilia msimamo wake.

Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya India ikamkatalia. Kupuuza agizo la chombo kilicho juu yake ni kumnyima mlipakodi haki na kuvuruga ngazi nzima ya rufaa. Hata agizo lingekuwa na kosa, haikuwa kazi ya ofisa kulitengua. Hukumu safi kabisa, kwani rufaa ina maana gani ikiwa aliyeshindwa ndiye anayeamua kutii?

Baraza nalo lina mipaka. Mwaka 2009, katika shauri la kodi la Mcorp Global, mahakama hiyohiyo ilisema baraza halina mamlaka ya kumnyang'anya mlipakodi nafuu ambayo ofisa alishampa.

Kwa hiyo, msikilizaji, shauri likirudishwa, soma agizo neno kwa neno. Likitaja hoja moja, ofisa akianza kufukua nyingine, mwandikie pingamizi mapema, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.