Kisukari hakiogopi jembe

Wapo wanaoamini kwamba mkulima wa vitunguu wa Lumuma, wilayani Kilosa, hawezi kupata kisukari. Eti ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Zamani walikuwa na hoja. Utafiti katika vijiji sita vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta wagonjwa chini ya asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Umri wa waliopimwa haukulingana, lakini pengo hilo si la kupuuza.

Tazama tunavyoishi. Shambani mtu anakwenda kwa bodaboda, dona imeipisha sembe, chai ina vijiko vitatu vya sukari, na mchana soda. Palizi ya msimu mmoja haifuti miezi ya kukaa kijiweni.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu waliokaribia kuugua, wakipunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao hushuka kwa asilimia 58, zaidi hata ya waliopewa vidonge. Dona kwa kiasi, mchicha, maharage na maji ya kunywa havihitaji duka la mjini.

Aliyekwisha kuugua asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu, na akague nyayo kila jioni, maana kisukari huweza kuitia miguu ganzi: aingiaye shambani peku anaweza kuchomwa asihisi. Na wewe mwenye kiu isiyokatika na haja ndogo kila mara, nenda kapime sukari. Usingoje kidonda.