Neno Mbele ya Mtumiaji: Lugha ya Mfumo wa Mafunzo ya Walimu Masasi na Newala

Mhadhara huu unachunguza swali moja: ni nani mwenye kuthibitisha kwamba neno la Kiswahili lililowekwa katika mfumo wa kujifunzia linaeleweka? Mfano wake ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA. Katika utaratibu huo walimu hujifunza wakiwa kazini, ndani ya jumuiya za ujifunzaji za shule zao, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina mfumo wa mtandaoni wenye moduli za kujisomea. Mwalimu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na mwenzake wa Masasi, huko chini upande wa magharibi, huingia kwa mlango uleule wa mwalimu wa Dar es Salaam. Mlango huo umejengwa kwa maneno.

Istilahi za kompyuta si ngeni katika taaluma ya Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, kuunda istilahi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuijaribu mikononi mwa mtumiaji.

Vichukuliwe vitenzi pakua na pakia. Mpishi hupakua wali kutoka chunguni; utingo hupakia magunia ya korosho garini. Kimaana, istilahi hizi zimeteuliwa vyema. Lakini zinatofautiana kwa irabu moja tu. Zikipangwa sambamba kwenye skrini ndogo ya simu, mwalimu aliyekusudia kutuma kazi yake aweza kubonyeza kitufe kisicho chake. Kasoro hiyo haionekani katika kamusi.

Wala haionekani kwa kuuliza. Mwalimu akiulizwa na mgeni, "Umeelewa?", atajibu, "Nimeelewa", kwa kuwa adabu yataka hivyo. Mtafiti na ampe kazi ya kutenda, anyamaze, aangalie kidole kinasita wapi. Kisha asikilize mwalimu mmoja anapomwelekeza mwenzake. Mahali ambapo Kimakonde, Kimakua na Kiyao huishi bega kwa bega na Kiswahili, neno linalochaguliwa katika maelekezo hayo ni ushahidi wenye uzito.

Isidhaniwe kwamba dawa ni kuyakimbia maneno mazito. Stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwa korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008, una jina la kiofisi kabisa; lakini mkulima hulitamka bila kigugumizi, maana malipo yake hupitia humo. Neno huzoeleka linapobeba haja ya mtu.

Hapa ndipo wanaisimu wanapodaiwa mchango wao: kuketi na wasanifu kabla mfumo haujakamilika, ili mwalimu aliyeshindwa na kitufe asije akahesabiwa kuwa ameshindwa na somo.