HAKI YA MWANANCHI YA KUPATA TAARIFA NA WAJIBU WA MTUMISHI WA SERIKALI

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba)



Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 18, imebeba mambo mawili. La kwanza ni uhuru wa mtu kutoa maoni yake, na kutafuta, kupokea na kutoa habari. La pili ni haki ya raia kupewa taarifa kuhusu matukio na masuala yaliyo muhimu kwa maisha na shughuli zake. La kwanza hutajwa sana, kwa kuwa waandishi wa habari hulisemea. La pili husahauliwa, ingawa linamhusu hata yule ambaye hajapata kununua gazeti maishani mwake.

Baadhi ya watu huchanganya haki hiyo na sheria za vyombo vya habari. Sheria Nam. 5 ya 1988, ya Usajili wa Mawakala wa Habari, Magazeti na Vitabu, ilitungwa ili kueleza nani asajiliwe na kwa masharti gani. Sheria Nam. 7 ya 1997 iliunda Tume ya Utangazaji. Sheria hizo zilihusu anayechapisha na anayetangaza. Hazikuandikwa kumwelekeza karani afanye nini pale mwananchi anaposimama mbele ya meza yake na kuuliza.

Kwa upande wa Tanzania Bara, jambo hilo lilitungiwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Nam. 6 ya 2016, ambayo imeitaka ofisi iliyoombwa taarifa kujibu mapema iwezekanavyo, na isipindukie siku 30. Kenya nayo ilitunga sheria yake, Nam. 31, mwaka huo huo, na kuweka muda wa siku 21. Na pale ambapo uhai au uhuru wa mtu umo hatarini, saa 48. Sheria ya Bara haikuvuka bahari, kwani yenyewe imetamka kuwa itatumika Tanzania Bara. Lakini haki iliyomo katika Katiba ya Zanzibar haikungoja sheria hiyo ndipo izaliwe.

Tuchukue mfano. Mkaazi wa shehia fulani amesikia kuwa barabara itapita katika shamba lake la mikarafuu. Amekwenda kwa sheha, akaelekezwa wilayani. Wilayani akaambiwa jalada liko Wizarani. Wizarani akaambiwa aje wiki ijayo. Hakuna aliyemwambia kuwa taarifa hiyo ni siri, na hakuna aliyempa. Huku nyuma wapo watakaomnong'oneza kuwa fidia haitolewi, na kwamba ni bora auze mapema kwa bei yoyote. Akiuza kwa hofu, hasara hiyo haitarudishwa na tangazo litakalobandikwa baadaye. Wahenga walisema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ofisi ikinyamaza, uvumi ndio unaokaa katika kiti chake.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwandishi wa habari, ambaye huuliza kwa niaba ya wengi wasio na nauli ya kufika mjini. Gazeti likiandika uongo, sheria ipo. Lakini ofisi iliyokataa kujibu haina uso wa kulilaumu gazeti kwa kuandika nusu ya habari.

Haina maana kuwa kila jalada liwe wazi. Mambo ya ulinzi wa nchi, uchunguzi ambao haujakamilika, maradhi ya mgonjwa, na bei za wazabuni kabla ya zabuni kufunguliwa, yote hayo yana haki ya kusitiriwa. Siri ni jambo ambalo likitoka litamdhuru mtu au nchi; si jambo ambalo likitoka litamtia haya mkubwa wa kazi. Muhuri wa siri ni amana, na anayeugonga hana budi aweze kueleza sababu.

Kwa hiyo, inampasa mtumishi wa Serikali alipokee ombi, aliandike tarehe yake, na alijibu. Ikiwa taarifa iko ofisi nyengine, aitaje ofisi hiyo. Ikiwa haiwezi kutolewa, aseme hivyo kwa maandishi pamoja na sababu, ili muombaji ajue pa kukata rufaa. Mambo yanayowahusu wengi, kama vile ada, ramani za ujenzi na ratiba za huduma, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla hayajaulizwa.

Naye mwananchi aulize kwa heshima na kwa uwazi: ataje jambo, mahali na mwaka, na abaki na nakala ya barua yake. Asiombe mambo ya faragha ya jirani yake, wala asione haya kuuliza yaliyo yake. Kuuliza si ujinga, na kujibu si hisani.